Ubelgiji–Ufaransa: Likirimba ya Wakongomani inayofika mpaka kwenye theluji ya Alpes

Kila mwaka, kunako mwezi wa pili, status za WhatsApp za ndugu zetu wa Ulaya zinageuka nyeupe. Binamu aliyeondoka Bukavu na sanduku moja anaonekana juu ya mlima, kaske kichwani, miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchoma vyuma, mbao mbili ndefu miguuni. Huku Goma, Uvira ao Butembo, anayetazama picha hiyo anajiuliza swali moja tu: feza ya kwenda kuchezea barafu inatoka wapi, wakati juzi aliniambia hana kitu cha kutuma?

Swali hilo nilijiuliza mimi mwenyewe kabla ya kupata nafasi ya kukaa Liège, nchini Ubelgiji, kwa ajili ya masomo. Jibu nililipata ndani ya kundi la yaya yangu: watu wazima kumi na mmoja na watoto wanne, wengi wao wazaliwa wa Kivu, ambao kila mwaka wanaenda pamoja kwenye ski kwa muda wa juma moja. Nilisafiri nao. Utajiri sikuukuta. Nilikuta daftari, michango ya kila mwezi, na mabishano ambayo mara mbili yalikaribia kuvunja urafiki wa miaka kumi.

Najua kwamba kuna wasomaji watakaoona ni ajabu kuzungumzia michezo ya theluji wakati huku kwetu familia zinalala chini ya hema. Lakini ndugu hao ndio wanaolipa minerval na dawa za wengi wetu, na si vibaya kujua namna wanavyoishi.

Ya mwezi wa pili inalipwa tangu mwezi wa nane

Kikao cha kwanza kinafanyika mwezi wa nane, wakati watu bado wanavaa viatu vya wazi. Siku hiyo kila mtu mzima anaanza kutoa euro 100 kwa mwezi, mpaka mwezi wa kwanza. Wao wenyewe wanaita jambo hilo likirimba, ingawa si likirimba ya kawaida: hakuna anayepokea zamu yake. Feza inangoja, na wote wanaila siku moja. Waliowahi kuwa katika AVEC za huku kwetu wangeitambua haraka.

Mtunza feza ni mama mmoja muuguzi, mzaliwa wa Uvira, ambaye hakuna anayethubutu kumzoea. Sheria yake ni moja: sanduku la theluji haligusiwi. Si kwa deni, si kwa harusi, hata kwa matanga hapana, kwani kwa matanga wana sanduku lingine. Mwaka mmoja kabla sijafika, mtu aliomba kuazima euro 300 kwa majuma mawili tu. Alikataliwa, akakasirika, akatoka katika kundi. Alirudi baadaye, lakini mpaka leo hakai karibu na mama huyo mezani.

Mbona waanze mapema hivyo? Ni sababu ya nyumba. Katika vituo vya ski vya Ufaransa, nyumba nyingi zinapangishwa kwa juma zima, toka siku ya Posho mpaka siku ya Posho, na majuma ya likizo ya shule ndiyo yanayoisha kwanza. Hapo ndipo kichwa kinaanza kuuma. Shule za Ubelgiji zinazofundisha kwa Kifaransa, tangu mwaka wa masomo 2022-2023, zinatoa majuma mawili ya mapumziko wakati wa kanivali. Zile zinazofundisha kwa Kiflamandi zinatoa juma moja. Familia ya Bruxelles yenye mtoto mmoja huku na mwingine kule inabaki na juma moja tu la pamoja. Na Ufaransa nayo imegawa shule zake katika sehemu tatu, A, B na C, zinazopokezana likizo hiyo kwa muda wa majuma manne. Juma la Wabelgiji likiangukia juma la watu wa Paris, bei inapanda.

Vijana wasio na watoto walitaka waende katikati ya mwezi wa kwanza, baada ya sikukuu za mwaka mpya, wakati bei inashuka na njia zinakuwa tupu. Kwa hesabu walikuwa na haki. Walishindwa kwa sababu ya namna kundi lenyewe lilivyozaliwa. Nchini Ubelgiji, shule nyingi za msingi zinawapeleka wanafunzi mlimani na mwalimu wao kwa siku kadhaa. Ni kile kinachoitwa darasa la theluji. Binti wa yaya yangu alirudi toka huko akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, akamwambia baba yake: twende, nikufundishe. Baba alikuwa hajawahi kugusa mbao za ski maishani mwake. Basi, juma la watoto ndilo lililobaki.

Wapi, na nani anavuka mpaka

Kuhusu mahali, majina makubwa yanavutia. Les 3 Vallées, katika mkoa wa Savoie, ina kilomita 600 za njia zilizounganishwa, na kituo chake cha Val Thorens, kwenye urefu wa mita 2,300, ndicho kilicho juu kuliko vyote Ulaya. Karibu na hapo kuna Paradiski, ambapo teleferike ya gorofa mbili inavusha watu 200 kwa mara moja juu ya bonde, kati ya Les Arcs na La Plagne. Lakini tiketi ya siku sita kwenye maeneo makubwa kama hayo inakaribia euro 400 kwa mtu mzima, kabla hujalala na kabla hujala. Kundi lilichagua kituo kidogo katika bonde hilo hilo la Tarentaise, ambapo tiketi ilikuwa karibu nusu ya hiyo. Anayejifunza hana haja ya kilomita 600. Anahitaji mteremko mmoja mpole, na katika vituo vingi mkeka unaotembea, ule unaopandisha wanaoanza, ni wa bure kabisa.

Kuna jambo moja ambalo wanaotafuta bei ndogo wanalisahau: urefu. Kituo kilicho chini kina bei nzuri, ila unaweza kufika ukakuta majani na matope. Hawa wangu hawashuki chini ya mita 1,800.

Halafu kuna karatasi. Mwenye kibali cha kukaa Ubelgiji anaweza kwenda Ufaransa bila viza nyingine, lakini ni lazima awe nacho mfukoni pamoja na pasipoti, kwani tangu mwaka wa 2015 Ufaransa ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake. Anayengoja jibu la ombi lake la ukimbizi, na karte yake ya rangi ya machungwa, haruhusiwi kusafiri nje ya Ubelgiji. Katika kundi alikuwemo kijana mmoja wa Fizi katika hali hiyo. Alichanga tangu mwezi wa nane akitumaini kwamba jibu lingefika kabla ya safari. Halikufika. Mama muuguzi alimrudishia feza yake yote, noti kwa noti, na hakuna aliyesema neno ndani ya nyumba kwa muda.

Watu wa theluji hawatembei peke yao

Desturi ya kwenda kwa kundi si ya Wakongomani. Ni ya zamani kama mchezo wenyewe. Mwezi wa tatu 1894, Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes, alivuka mlima kwa ski toka Davos mpaka Arosa, nchini Uswisi, akiwa na ndugu wawili wenyeji wa pale. Mwaka wa 1903 wapenzi wa mchezo huo walikutana London na kuanzisha Ski Club of Great Britain, ambayo ingali inakutanisha watu wa kusafiri pamoja. Nchini Ufaransa, tangu 1965, UCPA inapokea vijana wanaofika kila mmoja peke yake na kuwaunganisha kufuatana na kiwango chao: kitanda, chakula, vifaa na mwalimu, yote kwa bei moja. Kwa mtu asiye na marafiki wenye hamu hiyo, mlango ni huo.

Neno muhimu hapo ni kiwango. Njia za Ufaransa zina rangi nne: kijani ni ya wanaoanza, bluu ni nyepesi, nyekundu ni ngumu, nyeusi ni ya wenye uwezo. Kundi la watu kumi na watano haliwezi kuteleza pamoja siku nzima, na likijaribu, wa nyuma wanaogopa na wa mbele wanakasirika. Yaya yangu alipanga hivi: asubuhi kila mtu na wenzake wa rangi moja, wanaoanza na mwalimu wa koti nyekundu tangu saa tatu, saa sita na nusu wote wanakutana kwa chakula, mchana, anayetaka kupanda rangi anaomba mtu wa kumsindikiza. Mpango mzuri. Ulidumu siku mbili.

Barabara

Liège mpaka Tarentaise ni karibu kilomita 900, yaani zaidi ya mara mbili ya Goma–Beni, ila kwa lami tupu. Katika majira ya baridi kuna treni zinazotoka Bruxelles mpaka kwenye bonde hilo, lakini kwa familia, magari mawili ya kukodi yalitoka nafuu. Sheria ya Ufaransa, toka tarehe 1 mwezi wa kumi na moja mpaka tarehe 31 mwezi wa tatu, inalazimisha magari yanayopanda sehemu nyingi za milima kuwa na mipira ya majira ya baridi ao minyororo. Waulize waliokukodisha kabla ya kulipa. Si magari yote yaliyo nayo. Na kwa sababu wote wanaingia na kutoka siku ya Posho, foleni ya siku hiyo ni kitu cha kuhadithia. Serikali ya Ufaransa inatangaza hata rangi za barabara, kijani mpaka nyeusi, kama njia za ski. Tuliondoka saa nne ya usiku. Wenye busara walilala.

Uongo mdogo dukani

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Vifaa vya ski havinunuliwi na mtu anayeenda mara moja kwa mwaka. Vinakodishwa pale pale mlimani. Anayekodisha anakuuliza mambo manne ao matano: umri, urefu, uzito, na unateleza kwa kiwango gani. Kisha anapima kiatu, anachukua bisibisi, na kufunga kifungio kinachoshikamanisha kiatu na ubao. Wengi wanadhani ni maswali ya adabu. Sivyo. Majibu hayo ndiyo yanayoamua nguvu ya kifungio. Ukianguka, kifungio kinapaswa kufunguka na kuachia ubao, ili usizungushe mguu wako. Kwa anayeanza kinalegezwa. Kwa mzoefu anayekimbia sana kinakazwa, ili ubao usimtoke akiwa kwenye mwendo.

Rafiki mmoja wa kundi, fundi wa umeme mzaliwa wa Butembo anayefanya kazi Charleroi, alikuwa kwenye mwaka wake wa pili. Alipoulizwa kiwango, wapwa wawili wa yaya yangu walikuwa nyuma yake wakisikia. Akajibu kwamba yeye ni mzoefu. Tena, akipita, akajiongezea kilo tano, kwa nini sijui. Pengine huko Charleroi mwanaume mwepesi anachekwa.

Siku ya tatu, saa tisa ya mchana, wapwa hao wawili walimwita kwenye njia nyekundu. Jua lilikuwa limelainisha theluji, kisha kivuli kikaanza kuigandisha tena. Miguu ilikuwa imechoka, ya kila mtu. Alianguka polepole, karibu akiwa amesimama, ule muanguko ambao anayetazama anacheka. Ubao haukuachia. Goti likazunguka, na tulisikia sauti yake tukiwa mita thelathini chini.

Kuna mambo ambayo kundi lilifanya vizuri, nayo yanafaa kujulikana. Mpwa mkubwa alichomeka mbao mbili zenye kufanya msalaba mita kadhaa juu ya pale alipolala, ili wanaoshuka waone na wapishe. Hakuna aliyemvua kiatu wala kumsimamisha. Yaya yangu alipiga simu kwa walinzi wa njia, akawapa jina la njia na namba ya mti wa karibu, kwani kandokando ya njia za Ufaransa kuna miti yenye namba zinazoonyesha mahali. Bila kujua hilo, 112 ingesaidia pia. Kwa dakika kumi na mbili hivi walinzi walifika na sledi.

Mlinzi mmoja aliuliza kama mgonjwa ana bima, asiranse kama tunavyosema. Fundi alinyamaza. Mama muuguzi ndiye aliyejibu, na sauti yake haikuwa nzuri.

Bima ya njia inauzwa pamoja na tiketi, kwa euro tatu na senti kidogo kwa siku. Ilikuwa ndani ya hesabu ya kila mtu. Lakini mwezi wa kwanza fundi alikuwa ameomba arudishiwe sehemu yake, karibu euro 20, na mama alimrudishia kwa sababu wakati ule bima ilikuwa bado ni hiari. Feza hiyo ilikuwa imekwenda Butembo. Mtoto wa dada yake alikuwa amefukuzwa shuleni kwa ajili ya minerval.

Nani analipa?

Karte ya Ulaya ya afya, inayotolewa bure na mutuelle ya Ubelgiji, inasaidia kwa daktari na hospitali ya serikali. Kwa sledi hailipi kitu. Nchini Ufaransa, kuteremshwa toka kwenye njia ya ski ni huduma inayolipwa, na bili inaletwa kwako. Tulipojumlisha kila kitu, sledi na gari la wagonjwa, na kutoa kile ambacho mutuelle ingerudisha, zilibaki euro 640.

Usiku ule hakuna aliyecheza karata. Wengine walisema: alidanganya dukani, alikataa bima, ajilipie. Mmoja aliongeza kwamba ikiwa sanduku linalipa goti, kesho litalipa simu iliyoanguka. Wengine walijibu: ni nani aliyemwita kwenye nyekundu? Wapwa wawili walitazama chini. Fundi mwenyewe, mguu juu ya kiti, barafu imefungwa katika kitambaa cha jikoni, alirudia mara tatu kwamba hataki kusaidiwa. Bibi yake alikuwa kwenye simu toka Charleroi, naye alisema tofauti.

Kanuni za kimataifa za watu wa ski, zilizoandikwa na shirikisho la mchezo huo, FIS, ni kumi, na zinafanana na zile ambazo wamotari wetu wangepaswa kufuata: aliye mbele ana haki, anayekuja nyuma ndiye achague njia yake, usisimame katikati ya njia, teleza kwa kiasi cha uwezo wako, ajali ikitokea, kila mtu asaidie. Hakuna kanuni inayosema nani alipe. Hilo kundi linajiamulia lenyewe, na ni afadhali liamue kabla.

Walifikia hivi, karibu saa sita ya usiku: sanduku lilipe zote papo hapo. Wapwa warudishe euro 120 kila mmoja. Fundi arudishe 400, kwa miezi kumi, euro 40 kwa mwezi, bila faida. Na toka siku hiyo bima si hiari tena. Mama muuguzi aliandika yote katika daftari kabla ya kulala, na wote wakatia sahihi. Kwangu mimi alifanya vema kutongoja asubuhi. Neno la usiku, likilala bila kuandikwa, linaamka limebadilika.

Helikopta inachelewa

Kesho yake theluji mpya ilikuwa imeanguka hadi kwenye magoti, na wapwa, hata baada ya yaliyotokea, walitaka kwenda nje ya njia, mahali ambapo hapajakanyagwa. Ni kweli kwamba hakuna kitu kizuri kama hicho machoni. Ni hapo pia ambapo watu wanafia.

Kila siku ya majira, Météo-France inatoa tangazo la hatari ya maporomoko ya theluji, toka 1 mpaka 5. Asubuhi ile ilikuwa 4. Wanaokwenda nje ya njia wanabeba vitu vitatu: kifaa kidogo kinachotoa mawimbi ili mwenzako akutafute ukizikwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Mtu aliyefunikwa anaweza kuwa hai kwa dakika za kwanza. Baada ya robo saa matumaini yanashuka haraka sana. Helikopta inakuja, lakini kwa muda huo mara nyingi iko bado njiani. Anayekuokoa ni yule uliyepanda naye, kama anacho kifaa, kama amejifunza kukitumia, na kama hajazikwa pamoja na wewe. Kundi letu halikuwa na hata kimoja kati ya vitu hivyo. Mama muuguzi hakuinua sauti. Alimimina chai na kusema: nendeni, lakini kwanza mniambie ni nani kati yenu nitakayempigia mama yake. Walikwenda kwenye njia ya bluu.

Sambaza kwenye mita 1,800

Nisimwache msomaji akidhani tulilia juma zima. Vyakula vya pale vinajulikana, jibini ya kuyeyusha na viazi, na tuliviheshimu mara moja. Siku zingine ilikuwa bugali na sombe iliyotoka Liège ikiwa imegandishwa. Mtu alileta sambaza kavu za Ziwa Kivu, zilizosafiri toka Bukavu katika sanduku la mgeni. Harufu yake katika nyumba ndogo yenye madirisha yaliyofungwa, jirani Mdachi alikuja kuuliza kama kuna tatizo. Aliondoka na sahani.

Mama mkubwa wa yaya yangu, mwenye miaka hamsini na saba, alianza siku ya kwanza kwenye mkeka unaotembea, akishikwa mikono kama mtoto. Siku ya tano alishuka njia ya kijani nzima peke yake, polepole sana, mbao zimefanya umbo la kipande cha mkate. Chini watoto wanne walimngoja, wakipiga makofi. Hakusema kitu. Aligeuka akarudi kwenye foleni.

Binti wa yaya yangu ana picha ya Sabrina Simader chumbani mwake. Ni mzaliwa wa Kilifi, pwani ya Kenya, aliyekulia Austria, na mwaka wa 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, kule Pyeongchang. Anazungumza Kiswahili? Mtoto aliniuliza, sikujua la kumjibu.

Kwa wanaodhani kwamba milima ile ni mirefu kuliko yote: siku moja tulikwenda Val Thorens kutembea tu, na teleferike ikatupandisha mpaka Cime Caron, mita 3,200. Nyiragongo yetu ina 3,470. Waliowahi kulala kwenye ukingo wake wanajua baridi hiyo tayari. Ambacho hawajui ni jua la theluji, linalorudi toka chini na kuchoma kidevu na tundu za pua. Ngozi nyeusi inaungua pia. Nilijifunza kwa gharama ya pua yangu.

Na nguo? Usinunue. Wanaazimana, ao wanaenda kwenye maduka ya mitumba ya Bruxelles. Makoti yaliyochoka, wengine wetu tunayajua: yanatua kwenye balo huku Goma, na motari anayavaa saa kumi na moja ya asubuhi bila kujua kwamba mfuko ule mdogo kwenye mkono wa kushoto ulitengenezwa kwa ajili ya tiketi ya ski.

Kwa muda gani bado?

Katika mabonde yale watu wanaitazama theluji kama sisi tunavyoitazama mvua ya mwezi wa tisa. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2023 katika jarida la Nature Climate Change ulipima vituo 2,234 vya nchi 28 za Ulaya: dunia ikiongezeka joto kwa digrii 2, zaidi ya nusu, 53 kwa mia, vitakuwa katika hatari kubwa ya kukosa theluji, isipokuwa vitengeneze ya mashine. Mwaka huo huo kituo kidogo cha La Sambuy, karibu na Annecy, kilifunga. Vya chini ndivyo vinavyoanza, yaani vile vya bei ambayo mtu wa likirimba anaweza.

Nasi tunayo hadithi hiyo nyumbani. Mwaka wa 1906, wakati Duke wa Abruzzi toka Italia alipofika kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, barafu ya Ruwenzori ilifunika kilomita za mraba 6.5 hivi. Kunako 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja. Wazee wa Mutwanga wanaweza kukuonyesha kwa kidole mahali ilipokuwa ikionekana.

Kundi la Liège halijaacha. Mwezi wa nane uliofuata walikutana tena, na fundi wa umeme alikuja akitembea vizuri, akishuka ngazi kwa tahadhari kidogo. Alitoa euro 140: 40 za deni, 100 za safari. Mama muuguzi aliandika kila moja kwenye ukurasa wake, kisha akamuuliza uzito wake wa kweli, na kuuandika nao.